Frere Town: Kanisa la Watu wa Mbali

Hadithi, hadithi! Najua mtanijibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo ubaki huko huko uliko, maana haya ninayowasimulia yalitokea kweli, na mahali yalipotokea panafikika kwa matatu kutoka katikati ya Mombasa.

Mwaka 1875 manowari ya Kiingereza ilitia nanga Mombasa ikashusha watu upande wa bara, huko Kisauni, ng'ambo ya maji ukitoka Mji wa Kale. Walikuwa watumwa waliokutwa baharini ndani ya majahazi. Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alikubali kulifunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Walioizoea biashara ile hawakuacha mara moja. Walisafiri usiku, kwa kujificha, na manowari zikawa zinawavizia.

Hebu jiweke mahali pao. Umekamatwa ukiwa mtoto, huko bara karibu na Ziwa Nyasa. Umetembezwa kwa miguu hadi pwani, umepakiwa jahazini, halafu wageni wengine kabisa wanakushusha ufukweni na kukwambia kwamba sasa wewe ni huru. Sawa, huru. Uende wapi? Kijiji kilichomwa moto, mama hujui yuko wapi, na njia ya kurudi kwenu ndiyo ile ile wanayopita waliokuteka.

Kasisi William Salter Price wa misheni ya Kianglikana iitwayo CMS alikuwa amekwisha kupata shamba pale Kisauni ili awapokee watu wa namna hii. Pakaitwa Frere Town, kwa jina la Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja kumshinikiza Sultani akubali mkataba. Kwa miaka iliyofuata walishushwa hapo mamia: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Waoromo na wengine wengi. Kila mmoja alikuwa na lugha yake, ngoma zake, na namna yake ya kuzika wafu na kuoa. Kiswahili kilikuwa lugha ya mama ya wachache sana, lakini kwa kuwa hakikuwa cha kabila lolote kati yao, hakuna aliyeona ameshindwa kwa kukitumia. Kikawa lugha ya ibada, ya shule na ya kugombana kisimani.

Ukisoma vitabu vya zamani utadhani wazungu wachache ndio waliolisimamisha kanisa lile. Mimi sikubali. Walioifanya kazi hasa ni watu waliokuwa wamepitia njia ile ile, na kisa chao kinaanzia mbali: India.

Muda mrefu kabla ya Frere Town, watoto waliokombolewa baharini walikuwa wakipelekwa Bombay. Baadhi yao walilelewa na misheni karibu na mji wa Nasik, chini ya Price huyo huyo. Walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi, wakapewa majina ya Kiingereza. Ndiyo maana katika hadithi hii utakutana na Mwafrika aitwaye William Jones na mwingine aitwaye Ishmael Semler. Majina waliyopewa na mama zao yalipotea njiani, na hilo nalo ni wizi, hata kama aliyelitenda alidhani anatenda mema.

Jones na Semler walirudishwa Afrika miaka ya 1860 kusaidia kazi Rabai, kituo ambacho wamishenari Krapf na Rebmann walikianzisha mwaka 1846 katika vilima vya nyuma ya Mombasa. Frere Town ilipoanza, wenzao wengi waliletwa kutoka Bombay wawe walimu, mafundi na wahubiri. Mgeni aliposhuka melini akitetemeka, alipokewa na mtu mweusi kama yeye, aliyewahi kutetemeka vivyo hivyo.

Msidhani walipendana moja kwa moja. Watu wa Bombay walijua Kiingereza na walivaa viatu, na baadhi yao waliwadharau waliofika karibuni. Wamishenari nao waliwaona watu wa Bombay wanajivuna, hasa walipouliza kwa nini mshahara wao haukaribii wa mzungu. Kuna wakati mkuu mmoja wa makazi yale aliwachapa watu viboko hadi habari zikafika Uingereza na uchunguzi ukafanywa. Waliokimbia utumwa wakachapwa na watu wa kanisa! Ninawaambia haya kwa sababu hadithi ya kanisa isiyo na aibu ndani yake huwa imekatwa mahali.

Nje ya shamba, mabwana wa watumwa wa Mombasa walikuwa na hasira. Waliogopa kwamba watumwa wao nao watatorokea huko, na mara kwa mara uvumi ulienea kwamba Frere Town itavamiwa. Ndipo ikatundikwa kengele ya kuwaonya watu hatari ikija. Mpaka leo mtaa ule unaitwa Kengeleni.

Watoro walikuja kweli, wengi wao wakaishia Rabai. Hapa ndipo ninapompenda William Jones. Kumiliki mtumwa bara kulikuwa bado halali, na wakuu wa misheni walikuwa wameahidi kwamba hawatawaficha watoro. Jones, aliyekuwa akisimamia Rabai, aliwapokea. Wakajenga vibanda, wakalima, watoto wao wakaingia darasani na wenyewe wakaingia kanisani. Angewezaje kumfukuza mtoro mtu aliyewahi kuuzwa?

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwabariki Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwaka huo huo Askofu alifunga safari ya kwenda Uganda pamoja na Jones. Alimwacha Jones na sehemu ya msafara magharibi mwa Kenya ya leo, akatangulia, na Oktoba akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi mpaka Rabai, safari ndefu na ya njaa.

Mwaka 1888 watoro wakahesabiwa, na Rabai pamoja na vituo vya jirani wakakutwa karibu 1,400. Mabwana walitishia vita. George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya biashara ya Kiingereza, akapatanisha kwa fedha, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai. Waliolipwa walikuwa mabwana. Watumwa, waliofanya kazi miaka yote ile bure, walipewa karatasi.

Makazi yale yalizaa mengi. Chuo cha watumishi wa kanisa kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. James Juma Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Kitabu kile kinawasifu Waingereza kupita kiasi, lakini bila yeye tungebaki na barua za wamishenari tu.

Nanyi basi, kama kanisani kwenu kuna familia zilizotoka Kongo, Burundi au Sudan Kusini, wapo wazee wenye habari ambazo hakuna aliyeziandika. Chukueni daftari mkawaamkie, kisha muwaulize walikuwa wakiitwa nani huko kwao, na ni nani aliyewapokea siku ya kwanza.