Mbona Picha za Wanariadha Hutoka na Ukungu?

Vijana wanaopiga picha za wanariadha katika barabara za Iten wana lalamiko moja: picha inatoka na ukungu. Lawama huangukia simu au kamera, ilhali mara nyingi tatizo ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake kupokea mwanga.

Hesabu yake ni rahisi. Marehemu Kelvin Kiptum, mwana wa Elgeyo Marakwet, alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alikuwa akienda karibu mita 5.8 kila sekunde. Shata ikiwa 1/100 ya sekunde, mkimbiaji wa kasi hiyo husonga karibu sentimita 6 kabla haijafungwa, na mguu unaorushwa mbele husonga zaidi. Kwa 1/1000, mwili hausongi hata sentimita moja. Anayeanza aweke 1/1000, kisha apandishe ISO iwapo picha ina giza. Chembechembe chache zinavumilika. Uso usiotambulika hauvumiliki, hasa kwa mwanariadha chipukizi anayetaka picha ya kumtumia meneja.

Simu nyingi zina mipangilio hii chini ya "Pro". Isiyo nayo bado inafaa, ila isubiri jua lichomoze vizuri, kwani gizagiza la alfajiri huilazimu kuacha shata wazi kwa muda mrefu. Picha isivutwe kwa vidole. Mpigaji asogee mwenyewe. Achague mlima, mahali ambapo mwendo hupungua, achuchumae kando ya barabara (kando kabisa, magari pia hupita hapo), alenge sehemu watakayopitia na kupiga mfululizo kabla hawajamfikia. Wakishapita, aache. Picha ya mgongo haina mnunuzi.

Kati ya picha ishirini huenda mbili tu zikafaa: zile ambazo miguu yote miwili iko hewani, uso unaonekana na namba ya kifuani inasomeka.

Kuhusu watoto wa shule, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumika, na picha inayomtambulisha ni mojawapo. Mpigaji azungumze na mwalimu wa michezo mapema, ili wazazi waulizwe kabla ya siku ya mashindano.