Mbwa wa ndani si mbwa wa ua: tumfunze angali mdogo

Jamaa yetu mmoja anayeishi London alitupigia simu siku moja ya baridi, sauti imemkauka. Wanawe walikuwa wamemsumbua kwa miezi kadhaa wakitaka mbwa kama wenzao wa shuleni, na hatimaye akakubali. Wiki ya tatu tangu mbwa aingie nyumbani, zulia la sebuleni lilikuwa limeharibika, viatu vimetafunwa, na jirani amekwisha kugonga mlango mara mbili kulalamikia kelele. Juu ya hayo, mama yake mzazi, mtu wa swala tano, alikuwa anajiandaa kuja kutoka Mombasa kukaa nao miezi mitatu.

"Nimpige au nimrudishe?" alituuliza.

Tulimjibu kuwa hakuna haja ya moja wala ya pili. Na kwa kuwa tunaamini si yeye peke yake aliye katika mtihani huu, tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo.

Wengi wetu tuliokulia nyumbani tulimjua mbwa wa ua. Alikaa nje, akala makombo, akabweka usiku, na akikosea alipigwa fimbo au jiwe. Hakuna aliyehangaika kumfunza wapi pa kujisaidia, maana uwanja wote ulikuwa wake. Huku ughaibuni mbwa hukaa ndani, mara nyingi katika fleti, pamoja na watoto na wageni. Tatizo letu ni kwamba tunamtaka awe na adabu za ndani, lakini tunamlea kwa fimbo ya nje.

Na kosa hili lina gharama. Uingereza ina sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991. Kwa England na Wales, tangu mwaka 2014 sheria hiyo inakufuata hata ndani ya nyumba yako. Si lazima mbwa amng'ate mtu. Inatosha kumpa mtu sababu ya msingi ya kuogopa kwamba atajeruhiwa. Mwenye mbwa anaweza kupelekwa mahakamani, na mbwa akauawa kwa amri ya hakimu.

Kabla ya kununua

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Nendeni mkamwone akiwa pamoja na mama yake. Kwa England, tangu Aprili 2020 maduka na madalali hawaruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi 6, kwa hiyo anayetaka kukukabidhi mbwa kwenye maegesho ya magari, mkimbie.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 hivi, mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani na kipi ni cha kuogopwa. Aone mapema baiskeli, basi, mwavuli, mzee mwenye bakora, mwanamke aliyevaa buibui na mwanamume mwenye kanzu. Ikiwa chanjo hazijakamilika, mbebeni mikononi. Mbwa asiyewahi kuona buibui utotoni anaweza kumbwekea shangazi yenu mlangoni, na aibu itakuwa yenu.

Haja na meno

Mtoto wa mbwa hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Mtoeni nje kila anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza na kabla ya kulala, na baina ya hapo kila baada ya saa moja au mbili. Mpelekeni pahala pale pale. Akimaliza tu, msifuni na mpeni kitafunwa papo hapo. Mkisubiri mpaka mrudi ndani, atadhani anatuzwa kwa kuingia mlangoni.

Akikosea zuliani, safisheni na mnyamaze. Kumsukuma pua kwenye mkojo hakumfundishi kitu ila kujificha; kesho atakwenda nyuma ya kochi. Msitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwani harufu yake inakaribiana na ya mkojo na itamwita arudi pale pale.

Kuhusu kung'ata, meno ya utotoni humtoka hadi kama miezi 6, na ufizi humwasha. Mpeni cha kutafuna kilicho chake, na viatu vipandisheni juu. Aking'ata mkono, mchezo usimame hapo hapo na mtu ageuke. Akiwarukia wageni, naye ageuziwe mgongo. Asalimiwe tu miguu yake yote minne ikiwa chini. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole vipi, wala asimsogelee anapokula au kulala.

Kelele zile alizolalamikia jirani zilitokea familia ikiwa kazini na shuleni. Mbwa hufunzwa kukaa peke yake kidogo kidogo: toka chumbani dakika moja, rudi kabla hajalia, kesho dakika mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Lugha moja

Hapa ndipo tulipogundua ugonjwa wa nyumba ya jamaa yetu. Baba alimwambia mbwa "kaa", mama akamwambia "keti", watoto wakamwambia kwa Kiingereza. Baba alimkataza kupanda kochi, watoto wakampandisha baba akitoka. Mbwa hajui Kiswahili wala Kiingereza. Anajua sauti moja inayofuatwa na jambo moja. Kwa nyumba hii, sauti zilikuwa tatu na sheria mbili.

Tuliwashauri wakae kikao, wachague maneno manne na kuyabandika kwenye jokofu: kaa, njoo, acha, tulia. Mafunzo yawe ya dakika tano, mara tatu kwa siku, na kila mtu afuate neno lile lile. Akitii, kipande kidogo cha kuku mara moja. Akikataa, hakuna kupigwa. Hakuna kuku tu.

Bibi na chumba cha swala

Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa Pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Suala la kumfuga ndani ni la kuulizwa masheikh, na hatutoi fatwa hapa. Lakini pale ambapo mbwa tayari yumo na mzee anakuja, heshima ya mzee ndiyo ya kwanza.

Jamaa yetu alifunga kigeti cha watoto kwenye mlango wa chumba cha mama, na kando ya mlango wa jikoni akaweka mkeka wa mbwa. Kila alipoulalia, alipewa kitafunwa. Kwanza kwa sekunde chache, kisha dakika, kisha huku kengele ya mlango inalia. Baada ya wiki sita, aliposikia "tulia" alikwenda mwenyewe mkekani.

Bibi alikuja, akakaa miezi yake mitatu na akasali kwa utulivu. Mbwa hakumgusa hata siku moja, wala hana nia ya kumgusa. Ila siku ya kuondoka, wajukuu wanatuambia, alisimama mbali mlangoni, akamtazama pale mkekani, akasema: "Huyu ana adabu kuwashinda ninyi."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mbwa wa jamaa yetu alikunjika bila fimbo. Iliyochukua muda zaidi ni familia yenyewe kukubaliana neno moja.