Pikipiki Kuukuu: Tuinunue au Tuiache?

Pamba ikishauzwa, kila mtu kijijini huwa na jambo lake moyoni. Mmoja anataka mabati. Mwingine anataka kumalizia mahari ya kijana wake. Jirani yetu mmoja alitaka pikipiki. Pikipiki mpya ilimshinda bei. Akasikia kwamba kijiji cha pili kuna Honda ya zamani imelala ghalani miaka mingi, na wenyewe wanaiuza shilingi 450,000. Basi jioni akaja kwetu pamoja na mkewe.

"Mwalimu, twende ukaione," akasema. "Ni kama ya bure."

Mkewe alinyamaza. Ndani ya hela hizo za pamba kulikuwa na sare za watoto, madaftari, na dawa ya pamba ya msimu unaofuata. Alijua hivyo, nasi tulijua.

Ndugu msomaji, sisi si mafundi. Kazi yetu ni kufundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini tumetembelea vituo vya kisomo kwa pikipiki miaka kadhaa, na siku za kuisukuma tunazikumbuka vizuri kuliko siku za kuipanda. Kwa hiyo tulimwomba fundi mmoja wa sokoni afuatane nasi. Tulimlipa nusu siku yake. Ukitaka kununua chombo kilicholala, fedha ya kwanza kutoa ni hiyo.

Tuliikuta nyuma ya magunia. Kuku alikuwa ametaga juu ya kiti. Kijana wa nyumba ile akatoa mayai, akapangusa vumbi, akainua mguu apige kiki ili tuone kwamba ni nzima. Fundi akapiga kelele: "Wee! Usipige!"

Kwa nini alimzuia? Ndani ya injini kuna silinda, nayo ni kama kopo la chuma. Ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Pistoni imevaa ringi, yaani pete za chuma zinazobana ukuta wa silinda. Injini ikifanya kazi kila siku, oili hulainisha vyuma hivyo. Ikilala miaka, oili yote hushuka chini, unyevu huingia, na kutu huishika ringi na ukuta. Sasa mtu akipiga kiki kwa nguvu, ringi huvunjika au silinda hukwaruzika. Injini ambayo ingepona kwa kijiko cha oili huharibika kwa mguu mmoja.

Fundi alifungua plagi, akadondoshea oili kidogo katika tundu lake, akasema tuiache mpaka kesho. Kesho yake akaukandamiza mguu wa kiki kwa mkono, polepole. Ukashuka. Akarudisha plagi, akaukandamiza tena. Hapo kiki hutakiwa kukataa kidogo, kama pampu ya baiskeli unapoziba tundu kwa kidole. Hii ilikataa kidogo sana. Maana yake ringi zimechoka, lakini injini haijakufa. Kama isingeshuka kabisa hata baada ya siku mbili tatu za oili, tungeihesabu kuwa ni chuma chakavu, tukaitolea bei ya chuma chakavu.

Tulipokuwa tukisubiri oili ifanye kazi, tulitazama mengine. Oili ya chini ilitoka nyeusi. Hiyo si mbaya. Ingetoka kama chai ya maziwa, tungejua maji yameingia ndani. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Hilo ni jambo la kucheka tu. Tangi lilikuwa na kutu, na petroli iliyobaki ilinuka kama rangi ya mlango. Petroli ya namna hiyo huganda ndani ya kabureta, ambamo kuna vitundu vyembamba kama tundu la sindano. Tangi tulilitazama kwa tochi. Tafadhali, usimruhusu mtu yeyote kuchungulia tangi kwa kibiriti au koroboi, hata akikuambia limekauka. Hewa ya petroli hulipuka.

Kisha fundi akagonga njiti za magurudumu kwa spana, moja moja. Njiti iliyokaza hulia. Iliyolegea hutoa sauti ya bubu. Nne zilikuwa bubu. Akapitisha kidole chini ya usukani, mahali fremu ilipounganishwa, akitafuta ufa. Hakuona ufa. Angeuona, angetuambia turudi nyumbani, maana fremu ikikatika safarini mpandaji huvunjika pamoja nayo.

Tairi ndizo zilizomdanganya jirani yetu. "Ona, meno yote yapo!" akasema. Lakini mke wake aliinama akasoma ubavuni. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, na sasa hapiti penye maandishi bila kuyasoma. Mwisho wa maandishi yale palikuwa na tarakimu nne ndani ya mviringo: 1109. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa katika wiki ya 11 ya mwaka 2009. Tairi lenye tarakimu tatu tu ni la kabla ya mwaka 2000. Mpira huzeeka hata usipotembea. Tulipoukunja kidogo, nyufa zikafunguka kama kisigino cha kiangazi.

Mama hakuishia hapo. Akaomba kadi. Kila pikipiki ina namba iliyogongwa kwenye fremu, karibu na usukani, na namba nyingine kwenye injini. Namba hizo sharti zilingane na kadi, herufi kwa herufi. Akasoma yeye, tukafuata sisi kwenye chuma. Kwenye kadi tarakimu ya mwisho ilikuwa 8. Kwenye chuma tuliona 3. Pale palizuka maneno. Kijana akakasirika, eti tunawaita wezi. Fundi akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua taratibu. Kutu ilipotoka, ile 3 ikawa 8. Kumbe hapakuwa na wizi wowote. Lakini usifute kwa tupa hata siku moja, maana namba iliyoguswa na tupa huonekana ya wizi, na polisi hatajua kama ni wewe uliyeikwangua au la.

Shida ilikuwa kwingine. Jina la kwenye kadi lilikuwa la kaka mkubwa wa nyumba ile, naye alifariki zamani. Je, nani anauza? Kijana alisema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyeitunza. Mjane naye alikuwepo, amekaa mlangoni, wala hakuulizwa. Ndugu msomaji, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Bila yeye, hata mkiandikiana mbele ya mashahidi kumi, ndugu mwingine anaweza kutokea kesho kuidai. Na ofisi ya mapato, TRA, haitabadilisha jina la kadi kwa sababu tu mmepeana mikono. Ukienda huko, uliza pia kama namba ile inadaiwa.

Tulirudi nyumbani tukafungua daftari. Bei za spea fundi alikuwa amezipata dukani wiki ile. Bei za kwenu zitakuwa nyingine, lakini hesabu ni ileile. Tairi mbili na tyubu zake, 140,000. Betri, 40,000. Cheni na meno yake, 35,000. Pistoni, ringi na kuchongesha silinda, 90,000. Kabureta, 40,000. Breki na njiti, 30,000. Ufundi, 80,000. Jumla ni 455,000. Ongeza 450,000 za muuzaji: 905,000. Jirani yetu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

Jambo moja lilimtetea. Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda CG 125. Wajapani walianza kuitengeneza mwaka 1976, na waliikusudia nchi ambazo watu hupakia mizigo mizito na matengenezo ni ya shida. Vali zake husukumwa na fito mbili za chuma badala ya mnyororo wa ndani, na injini ni rahisi kufunguliwa. Pikipiki nyingi za Kichina zinazouzwa leo zimefuata injini hiyo, hivyo spea zinatafutika. Hata hivyo nenda dukani na kile kipande cha zamani mkononi ukilinganishe. Na balbu isome kwanza: pikipiki nyingi za zamani ni za volti 6, na za leo ni volti 12. Ingekuwa pikipiki ya aina ambayo petroli yake huchanganywa na oili, tungemwambia atafute spea kabla ya kutafuta hela, maana maduka mengi hayaziweki tena.

Tukamuuliza: unaitakia kazi gani? Kama ni ya kubeba abiria kila siku, aiache. Abiria hamngojei mtu anayefungua kabureta, na siku ya kulala kwa fundi ni siku isiyo na hela. Kama ni ya kwenda shamba na mnadani, na fundi yupo karibu, basi bei ndiyo ya kuzungumzwa. Huko Ulaya wapo watu wanaozipenda pikipiki kuukuu kwa uzee wake, wakazitengeneza miaka mitano bila haraka. Lakini wao hawatumii hela ya dawa ya pamba.

Mama ndiye aliyetoa neno. "Tuwape 250,000, lakini baada ya mahakama. Na mjane awepo."

Wenye pikipiki walinung'unika kwamba mwalimu ameharibu biashara. Mwishowe wakafanya kikao cha ukoo na kwenda mahakama ya mwanzo. Ilichukua miezi minne. Mjane ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi, akauza kwa 280,000, akatia sahihi mwenyewe. Pikipiki ikapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe ikapelekwa kwa fundi.

Kwa fundi ilikula 510,000, si 455,000 kama tulivyoandika. Panya walikuwa wamekata waya za umeme chini ya kiti, pale kuku alipotagia, na hapo hatukufunua.