Tangi kuukuu la samaki wa baharini: Hesabu za kupiga kabla ya kulinunua

TANGAZO la aina hii hutokea familia inapohama au mkahawa unapofungwa: tangi kubwa la kioo, meza yake, pampu, taa na samaki wa baharini walio hai, vyote kwa bei isiyofikia nusu ya gharama ya vifaa vipya. Muuzaji ana haraka. Mnunuzi naye, akiwa ameandamana na watoto, huwatazama kitatange na kangaja wakipita baina ya mawe, na moyo wake huwa umekwisha kukubali kabla hajauliza swali la kwanza.

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali, na ni nadra methali hiyo kuthibitika upesi kama inavyothibitika katika ununuzi huu. Kioo ni sehemu ndogo ya gharama. Anayechukua tangi la maji ya chumvi huchukua pia kazi ya kila wiki, bili ya umeme ya kila mwezi na uhai wa viumbe ambao baadhi yao wanaweza kuishi zaidi ya miaka 20 wakitunzwa vyema. Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, sharti ajiulize iwapo nyumba yake, mfuko wake na muda wake vitalimudu.

Uzito wa gari sebuleni

Tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Likijazwa pomoni litabeba lita 648. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kumaanisha kwamba maji pekee yana zaidi ya kilo 660. Ukiongeza kioo chenye unene wa milimita 12, ambacho hupita kilo 100, kisha mawe, mchanga na meza, jumla hukaribia tani moja. Huo ni uzito wa gari dogo, nao umesimama mahali palipo na ukubwa wa takribani mita moja mraba.

Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Hii haimaanishi kwamba sakafu itaporomoka siku hiyo hiyo, kwani mzigo husambaa na slabu nzuri huwa na akiba ya nguvu. Hata hivyo, mpangaji anayeishi orofa ya nne hana njia ya kujua kilichomo ndani ya zege aliloikanyaga miaka yote. Anapaswa kupata idhini ya mwenye nyumba na ushauri wa mhandisi wa majengo. Asipovipata, tangi la ukubwa huo liwekwe katika nyumba ya chini tu, juu ya sakafu iliyokaa ardhini.

Tena kuna jirani wa chini. Kioo kikipasuka usiku, zaidi ya lita 600 za maji ya chumvi zitatafuta njia ya kushuka, na njia hiyo ni dari lake.

Chumvi, maji na mgao

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina kalisi, magnesi na madini mengine ambayo viumbe wa baharini huyahitaji. Inayotumika ni chumvi maalumu iliyotengenezwa kuiga bahari. Tangi lenye lita 600 za maji huhitaji zaidi ya kilo 20 za chumvi hiyo kujazwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo, iwapo mwenye tangi atabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, atahitaji lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20, na kilo mbili na ushei za chumvi. Kwa mwaka mzima, chumvi hiyo hupita kilo 100. Maji yanayopungua kwa mvuke nayo sharti yafidiwe kila siku, na hufidiwa kwa maji matamu, maana maji huondoka na chumvi ikabaki.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu, lakini klorini hiyo hiyo hudhuru samaki. Wafugaji wengi hutumia mtambo wa kuchuja ambao hupitisha maji katika utando mwembamba sana. Mitambo midogo ya nyumbani kwa kawaida hutupa lita tatu au zaidi kwa kila lita moja safi inayotoa. Maji hayo ya ziada yanaweza kufulia nguo au kuoshea choo, lakini katika mtaa ambao maji hufika kwa mgao siku mbili kwa wiki, hesabu hiyo haiwezi kupuuzwa.

Mkazi wa Mombasa au Kilifi anaweza kudhani kwamba ameepuka shida zote kwa kuwa bahari iko mlangoni. Kweli, maji ya bahari yanafaa yakichotwa mahali safi, mbali na bandari, mikondo ya majitaka na midomo ya mito. Lakini ruhusa ya kuchota maji si ruhusa ya kuchukua kila kitu. Katika hifadhi za baharini, kama vile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa 1968 na ile ya Mombasa ya 1986, ni marufuku kuvua samaki au kuondoa matumbawe na makombe. Matumbawe magumu pia yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na hayavukishwi mpaka bila kibali. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji viumbe hao walitoka wapi.

Umeme usiolala

Pampu za tangi la baharini hufanya kazi saa 24. Tuseme pampu zote pamoja na kichujio cha povu hutumia wati 105, taa za LED wati 160 kwa saa 10, na kipasha joto wati 400 kwa jumla ya saa nane. Jumla itakuwa uniti saba na ushei kwa siku, au takribani uniti 220 kwa mwezi. Kila mtu anajua bei anayonunulia tokeni, na anaweza kuzidisha mwenyewe. Iwapo tangi lina taa za zamani za wati 250 au 400 kila moja, hesabu itapanda zaidi.

Samaki wengi wa miamba huhitaji joto la nyuzi 24 hadi 27. Jijini Nairobi, ambako usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, kazi ni kupasha maji. Mombasa mambo hugeuka: mwezi Machi huenda mwenye tangi akalazimika kuyapoza, na mashine ya kupoza ni ghali kuliko kipasha joto.

Kisha kuna giza. Nchi ilikosa umeme karibu kote mwezi Agosti 2023, na hali hiyo ikajirudia Novemba na Desemba mwaka huo huo. Pampu zikisimama, hewa ndani ya maji huanza kupungua, na katika tangi lenye samaki wengi saa chache zinatosha kuleta maafa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni ya lazima.

Wasioonekana

Katika yote yanayouzwa, chenye thamani kubwa zaidi hakionekani. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitreti, ambayo haina makali hayo na huondolewa maji yanapobadilishwa. Tangi jipya huchukua wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita, kabla bakteria hao hawajatosha. Tangi lililokomaa tayari wanao, na hiyo ndiyo faida kuu ya kununua lililotumika.

Faida hiyo inaweza kupotea katika safari moja ya pikapu. Mawe yakikauka, bakteria hufa, na uozo wao hugeuka amonia. Mchanga wa zamani ukivurugwa hutoa uchafu wa miaka mingi, pengine na gesi inayonuka kama mayai viza. Kwa hivyo mawe husafirishwa yakiwa ndani ya maji, samaki katika ndoo zenye vifuniko na hewa, na mchanga huoshwa au kubadilishwa. Tangi lenyewe libebwe tupu kabisa, kwani maji yanayosukwasukwa huweza kutenganisha maungio.

Mambo ya kukagua

Kwanza ni maungio ya silikoni. Yakiwa yamebanduka, yamejaa viputo au yanang'oka kwa ukucha, tangi litahitaji kuunganishwa upya. Njia ya hakika ni kulijaza maji uani, juu ya mahali palipo sawasawa, na kuliacha kwa siku mbili au tatu. Muuzaji akikataa, bei ishuke au mnunuzi aende zake.

Pili ni vifaa vya umeme. Chumvi hula nyaya na vyuma. Kifaa ambacho hakijaonekana kikifanya kazi kihesabiwe kuwa hakipo. Tatu ni historia ya dawa. Dawa zenye shaba hutumika kutibu samaki, lakini shaba hunywewa na mawe na baadaye huua kamba, kaa na matumbawe. Nne, mnunuzi aulize kwa nini tangi linauzwa. Anayehama nchi na aliyeshindwa na gharama huuza kitu kimoja, lakini huacha mafunzo tofauti.

Haya yote hayamaanishi kwamba tangi kubwa ni kosa. Kinyume chake, maji mengi hubadilika polepole kuliko maji machache, na kosa dogo halileti msiba mara moja. Kwa mwenye nyumba ya chini, maji ya uhakika na akiba ya kila mwezi, tangi la bei nafuu linaweza kuwa bahati. Asiye na hivyo ana nafasi ya kuanza na tangi dogo la samaki wa maji matamu.

Mwenye shaka anaweza kujijaribu bila hasara. Kwa mwezi mmoja, kila Jumamosi, ajaze mitungi mitatu ya lita 20, aibebe hadi sebuleni na kuirudisha, kisha aweke kando pesa za chumvi na za umeme. Iwapo kufikia Jumamosi ya tatu amekwisha kutafuta kisingizio, jibu amelipata. Huenda katika muda huo tangi likauziwa mwingine, lakini matangi mengine yatatangazwa. Samaki wanaofikishwa katika nyumba isiyowaweza hawana kwingine pa kwenda.