Nakala Ikitoka Hairudi

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

MTANGAZAJI: Leo tunaingia katika mabishano yanayosikika sana pale watu wanapochaji simu. Mmoja anasema, "WhatsApp wanasoma kila tunachoandika." Wa pili anajibu, "Hawasomi, ujumbe umefungwa." Wa tatu anacheka: "Wasome tu, mimi sina siri." Niko na mwenzangu studioni. Kaka, nani kati yao amesema kweli?

MWENZAKE: Ahsante, dada. Wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ila hajamaliza maneno. Tangu mwaka 2016, ujumbe unaomtumia ndugu yako kwa WhatsApp unafungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu yake. Njiani unapita kama fumbo la herufi na tarakimu zisizosomeka. Ufunguo uko kwenye simu zenu, kampuni haina.

MTANGAZAJI: Basi mbona watu wengi waliikimbia mwaka 2021?

MWENZAKE: Januari mwaka huo WhatsApp ilitangaza masharti mapya kuhusu taarifa inazoshirikiana na Facebook, kampuni iliyoinunua mwaka 2014 na ambayo sasa inaitwa Meta. Watu wakaelewa kwamba barua zao zitasomwa. Mamilioni wakahamia Signal na Telegram. Masharti yale hayakuondoa kufuli la mazungumzo ya kawaida, yalihusu zaidi mazungumzo na wafanyabiashara. Hata hivyo, hasira yao haikuwa ya bure. Barua kampuni haiioni, lakini bahasha inaiona: namba yako, namba unazowasiliana nazo, na saa mnazowasiliana.

MTANGAZAJI: Na bahasha ina ubaya gani?

MWENZAKE: Fikiria mtu aliyekimbia vita. Atakayejua anawasiliana na nani kule nyumbani, na mara ngapi, amekwishajua mengi bila kusoma hata neno moja. Ndiyo maana yule wa tatu, anayesema hana siri, ajiulize tena. Ndani ya simu yake kuna namba ya kaka aliyebaki kijijini na ya mama aliyejificha kwa jirani. Siri hizo si zake peke yake.

MTANGAZAJI: Waliohamia Telegram je, walipona?

MWENZAKE: Wengi hawakujua jambo moja. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram yanahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na funguo kampuni inazo. Yanayofungwa kutoka simu hadi simu ni yale tu unayochagua yawe "mazungumzo ya siri". Signal hufunga kila kitu tangu mwanzo, nayo inaendeshwa na taasisi isiyofanya biashara.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, tumezungumza juu ya kampuni. Sasa tuje karibu zaidi, kwa yule anayepokea ujumbe.

MWENZAKE: Hapo ndipo penye hatari kubwa kwetu, dada. Kufuli linalinda ujumbe njiani, halilindi ukishafika. Ukituma picha ya karatasi yako ya usajili kwenye kundi la watu 200, umetoa nakala 200. Mmoja akiisambaza, hujui tena iko wapi. Ukifuta kwa wote, WhatsApp inakupa muda wa siku mbili na saa chache, lakini haifuti picha ya skrini aliyokwishapiga mtu, wala nakala aliyotuma kwingine.

MTANGAZAJI: Na nakala hiyo inatumiwaje?

MWENZAKE: Tapeli anaisoma. Anapata namba yako ya usajili, majina ya watoto, pengine na namba ya simu. Kisha anapiga: "Baba fulani, faili lako la kwenda nchi ya tatu limefika mezani kwangu, tuma pesa kidogo lisogee." Unamwamini kwa sababu anataja majina ya wanao. Msikilizaji, shika hili: huduma za UNHCR ni bure, zote, na kwenda nchi ya tatu hakuuzwi. Anayeomba pesa ni mwizi, hata akijua jina la bibi yako.

MTANGAZAJI: Lakini taarifa zetu tunazitoa pia kwa mashirika: alama za vidole, picha za macho. Huko ni salama?

MWENZAKE: Wanajitahidi, ila hakuna ghala lisiloweza kuvunjwa. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye kompyuta zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotengana na familia zao, watu waliopotea, na wafungwa. Kamati ililazimika kuzima mitambo iliyotumika kuwaunganisha ndugu.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo tukatae kuandikishwa?

MWENZAKE: Hapana, dada. Bila jina lako kuandikwa, mama anayekutafuta atakupataje? Toa taarifa, lakini uliza. Tangu mwaka 2015 UNHCR ina sera inayokupa haki ya kuelezwa kwa nini taarifa zako zinachukuliwa na zitapelekwa kwa nani, kuomba kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kuuliza si utovu wa adabu.

MTANGAZAJI: Tuwaachie wasikilizaji mambo ya kufanya leo.

MWENZAKE: La kwanza, usiweke kwenye kundi picha ya kadi ya mgao wala karatasi ya usajili. Ukilazimika kumtumia mtu, mtumie yeye peke yake, na uwe unamjua. La pili, WhatsApp ikikutumia tarakimu sita, usimtajie mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa ofisi. Akizipata anaweza kuihamishia akaunti yako kwenye simu yake. La tatu, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili na uweke namba yako ya siri. La nne, kabla ya kusambaza picha ya mtu mwingine, mwombe ruhusa. Huenda yuko anayemtafuta kwa ubaya.

MTANGAZAJI: Na aliyekwishatuma?

MWENZAKE: Afute sasa hivi, awaombe wenzake kwenye kundi wafute, kisha aende kwenye dawati la ulinzi kambini kuwajulisha. Asione aibu kusema. Akiwahi, ofisi itakuwa macho mtu mwingine akijaribu kutumia namba yake.

MTANGAZAJI: Nawe msikilizaji, mweleze jirani asiye na redio.

(MUZIKI WA KUFUNGIA KIPINDI)