Vespa Huugua kwa Saa Zake

Niliwahi kuwa na vespa, PX 150 ya gia za mkono, iliyokuwa ikizima kila nikikaribia Bububu. Asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza, natoka nayo Darajani inaimba, halafu baada ya kilomita chache inalegea, inakohoa mara mbili, kimya. Nikipumzika dakika kumi chini ya mwembe inawaka tena kama haikuwa na neno. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliipiga kiki, ikawaka. Akavuta mafuta, ikanguruma. "Mbona nzima hii, sheikh?" Akageuza skrubu ya kabureta nusu mzunguko, nadhani ili isiwe amekula pesa yangu bure, nikalipa nikaondoka.

Kesho yake ikazima palepale.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea skuta mbovu sishiki spana kwanza. Namuuliza inazima lini. Ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Baada ya kilomita ngapi? Kwenye mlima, kwenye mwendo mkali, au ukisimama? Ilianza baada ya mvua, au siku ulipogeuza bomba la tangi kwenda kwenye akiba? Hili la mwisho watu hulipuuza. Akiba huchota chini kabisa ya tangi, na huko ndiko maji na kutu hulala, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Msimu wa masika nusu ya vespa zinazokohoa zimekunywa maji, na dawa yake ni kumwaga petroli ya kwenye kabureta na kusafisha chujio, kazi ya robo saa.

Turudi Bububu. Kuna magonjwa mawili yanayofanana kama pacha: injini inazima baada ya mwendo fulani, ikipumzika inapona. La kwanza ni tundu dogo la kifuniko cha tangi. Petroli ya PX hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Kadiri inavyoshuka, hewa sharti iingie tangini ijaze nafasi. Tundu likiziba kwa vumbi, petroli inasita, kabureta inakauka, injini inakufa. Ukisubiri, hewa hupenya polepole na safari inaendelea. La pili ni umeme. Chini ya flaiwili kuna koili na nyaya zinazookwa kila siku. Ganda la waya likipasuka, au waya mwembamba wa koili ukikatika ndani, chombo kinafanya kazi kikiwa baridi na kinagoma kikipata joto.

Kuyatofautisha ni rahisi, ila lazima uyatofautishe hapohapo kando ya barabara, vespa ikiwa bado mgonjwa. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mluzi, na baada ya muda mfupi injini ikawaka, umemkamata mwizi. Ikigoma, toa plagi, kwa kitambaa maana itakuwa ya moto. Plagi kavu maana yake petroli haifiki. Plagi iliyolowa maana yake petroli imefika na moto haukuwaka. Kwa hiyo mimi hutembea na spana ya plagi na plagi mpya iliyopimwa mwanya wa milimita 0.6. Funga tangi kwanza na ujitenge na petroli iliyomwagika, kisha ichomeke hiyo mpya kwenye waya wake, igusishe chuma cha injini, piga kiki utazame. Cheche isipoonekana, acha kuilaumu kabureta. Ukiisukuma mpaka gereji kwanza, itafika imepoa na imepona, nawe utaonekana mwongo kama nilivyoonekana mimi.

Rangi ya plagi nayo ina saa yake. Wengi huitazama baada ya kuingia mjini taratibu na kuiacha injini ikinguruma mlangoni, wakakuta nyeusi, wakaanza kubadilisha jeti. Hiyo ni rangi ya kusimama. Ukitaka rangi ya safari, endesha kwa kasi kwenye barabara tupu, bana klachi, zima, usogee kando, ndipo uitoe. Kahawia ya maziwa ya chai ni afya. Nyeusi ya kulowa ni petroli au oili nyingi, au choki iliyosahauliwa wazi. Nyeupe ndiyo inayonitisha.

Nyeupe ni hewa iliyozidi kiasi kwa petroli iliyopo, na katika injini ya mipigo miwili kama ya PX hewa ina njia za siri. Mchanganyiko wa petroli na oili hauendi moja kwa moja juu ya pistoni. Hupitia kwanza chini, kwenye chumba cha krankishafti, husukumwa hapo kisha ndipo upande. Chumba hicho sharti kisivuje. Kila upande kina sili ya mpira. Ya upande wa flaiwili ikichakaa, hewa huingia bila kupita kwenye kabureta. Dalili yake unaijua ukishaisikia mara moja: unaachia mafuta lakini injini haishuki, inalia juu kama mtoto aliyenyimwa kitu. Vuta choki kidogo. Ikitulia, ni njaa ya petroli. Kaza kwanza boliti za kabureta kwa kiasi, maana ukizikaza kupita kiasi uso wake hupinda na kuvujisha zaidi. Fundi anayejibu kelele hiyo kwa kushusha skrubu ya silensa, yaani mnguruko wa kusimama, anamziba mgonjwa mdomo. Na kwa kuwa oili ya kulainisha imo ndani ya petroli, petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inavimba, inakwama.

Sili ya upande wa klachi husema kwa moshi: mweupe, mzito, usiokoma hata injini ikishapata moto. Injini inakunywa oili ya gia. PX huchukua mililita 250 tu za oili hiyo, imwage uipime. Ikiwa pungufu na sakafuni hakuna tone, jibu unalo. Ikiwa imezidi na inanuka petroli, jibu ni lilelile.

Wapo wanaozidisha oili kwenye petroli kwa huruma. Kiasi cha PX ni asilimia 2, mililita 20 kwa lita moja. Ukizidisha, kila tone linalopita kwenye jeti lina petroli kidogo zaidi, ekzosi inajaa masizi, na utakuja kulalamika kwamba inawaka vizuri, inashika silensa vizuri, lakini haina mbio.

Joto nalo lina historia. Corradino D'Ascanio, aliyeichorea Piaggio vespa ya kwanza, iliyotoka mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na aliifunika injini ili nguo za mpandaji zisichafuke. Upepo wa barabarani haufiki huko ndani, kwa hiyo flaiwili ina mapanga ya feni, na kava la bati huuongoza upepo juu ya silinda. Nimeona vespa nyingi zikitoka gereji bila kava hilo, eti "linasumbua kufungua". Skuta za kisasa zisizo na gia za mkono zina magonjwa mengine. Hizo zikinguruma bila kwenda, tazama mkanda kabla ya injini.

Ya kwangu ilikuwa kifuniko. Nilikizibua kwa sindano ya kushonea, pale pale chini ya mwembe. Kilichonichosha ni ile nusu mzunguko ya skrubu: wiki nzima nilihangaika kuitafuta mahali pake.