Theodor Mommsen na Ushahidi wa Mawe

Sisi tusomao Historia twaambiwa kwamba Dola ya Kirumi ilienea kutoka Uingereza mpaka Misri, nayo ilikuwa na sheria, majeshi na barabara nzuri. Lakini habari hizi zilipatikana wapi? Waandishi wa Kirumi waliacha vitabu, ni kweli, lakini wengi wao walikuwa watu wakubwa, nao waliandika zaidi habari za wakubwa wenzao. Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa ya kutafuta mashahidi wengine ni Mjerumani Theodor Mommsen.

Mommsen alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1817, katika mji mdogo wa Garding, jimbo la Schleswig. Siku hizo jimbo hilo lilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Leo mji huo umo katika Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Kiel, akapata shahada ya udaktari mwaka 1843. Kisha alipewa fedha za safari kutoka Denmark, akaenda Italia.

Huko alijifunza kwa mzee Bartolomeo Borghesi wa San Marino, bingwa wa kusoma maandishi yaliyochongwa juu ya mawe. Warumi walikuwa na desturi ya kuchonga maneno juu ya makaburi, mahekalu, madaraja na mawe ya mipaka. Juu ya jiwe moja waweza kukuta jina la askari, kikosi chake na miaka aliyotumikia. Juu ya jingine, jina la mtumwa aliyepewa uhuru. Watu kama hawa hawatajwi sana vitabuni. Jiwe moja halisemi mengi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ukikusanya maelfu na kuyalinganisha, wajua jinsi serikali ilivyoendeshwa na jinsi watu walivyoishi.

Lakini palikuwa na taabu. Wengi walikuwa wamekwisha kuyanakili maandishi hayo, wengine kwa makosa, na wengine kwa uongo mtupu. Pirro Ligorio, Mwitalia wa karne ya 16, alijulikana kwa kutunga maandishi ambayo hayakuwako kamwe. Basi Mommsen akashika kanuni hii: mtafiti aende akalione jiwe kwa macho yake, kila inapowezekana. Jiwe likiwa limepotea, achunguze kwanza sifa za yule aliyelinakili. Aliyekwisha kuonekana mwongo asisadikiwe peke yake.

Kwa njia hiyo alikusanya maandishi ya Ufalme wa Naples, akayachapisha mwaka 1852. Baadaye alisimamia kazi kubwa zaidi mjini Berlin, ya kukusanya maandishi yote ya Kilatini ya dola nzima. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1863. Kazi hiyo yaendelea hata leo, na maandishi yaliyokusanywa yapata 180,000.

Tutazame mfano mmoja. Katika kuta za hekalu mjini Ankara, Uturuki, yamechongwa maneno ya Kaisari Augusto akieleza matendo yake mwenyewe. Mommsen aliyachapisha mwaka 1865. Mwaka 1882 Carl Humann alitengeneza nakala ya plasta kutoka ukutani, na mwaka uliofuata Mommsen akayachapisha upya. Hakuona haya kuirudia kazi yake baada ya kupata ushahidi ulio bora.

Maisha yake hayakuwa rahisi. Mwaka 1851 alifukuzwa kazi ya ualimu huko Leipzig kwa sababu ya siasa zake za kutaka uhuru wa raia. Akaenda kufundisha Zürich, kisha Breslau, na mwisho Berlin. Katika miaka hiyo ya kuhamahama ndipo alipoandika Historia ya Roma, vitabu vitatu, 1854 hadi 1856. Mwaka 1880 alitoa kijitabu cha kumpinga hadharani mwalimu mwenzake, Heinrich von Treitschke, aliyekuwa amewashambulia Wayahudi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo nyumba yake iliungua. Vitabu vingi viliteketea pamoja na miswada ya kale aliyoazimwa, na mmoja wao ulikuwa mswada wa Jordanes uliotoka Heidelberg. Hasara hiyo haikuweza kulipwa, lakini kalamu hakuiweka chini: mwaka 1882 alichapisha maandiko ya Jordanes.

Mwaka 1902, akiwa mzee wa miaka 85, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alifariki tarehe 1 Novemba, 1903.

Hata hivyo si kila alichoandika kimekubaliwa. Wengi wamesema kwamba katika Historia yake alimsifu Julius Caesar kupita kiasi. Hivyo kanuni yake mwenyewe yamhusu hata yeye: bingwa naye hana budi kuulizwa ushahidi wake.

Basi wenzangu, tusitosheke na kukariri tarehe kwa ajili ya mtihani. Tufunguapo kitabu cha Historia, tuulize: mwandishi huyu ameyajuaje haya? Je, aliyaona, au aliambiwa? Na aliyemwambia alikuwa mtu wa namna gani?